Njia ya Bwana Lami

Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, fundi betri alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake nyuma ya nyumba, nyundo mkononi. Watu walimletea betri zilizokufa, za magari, za pikipiki na za taa za sola. Chache alizifufua. Zilizokataa katakata alizipasua. Maji yake makali aliyamwaga chini. Ndani ya betri mna madini mazito ya kijivu ambayo mafundi huyaita risasi. Hayo aliyayeyusha kwenye sufuria kuukuu, akayauza, familia ikala.

Mkewe alishona nguo barazani, upande wa mbele. Cherehani yake ililia mchana kutwa, na kando yake binti yao wa pekee alilia zaidi ya cherehani, ila yeye kwa maneno. Mtoto huyo walimpata baada ya kungoja sana, wakati mawifi wameshaanza kuuliza maswali yenye miiba. Sasa alikuwa na miaka minne, na mdomo wake haukujua kupumzika. Aliwauliza wateja kwa nini matumbo yao ni makubwa. Alimwambia kinyozi wa jirani kwamba hata yeye nywele zimemzidi. Mtaa mzima ulimwita Kasuku.

Tatizo la fundi lilikuwa taka. Maganda ya betri, majivu na vumbi zito la kijivu vilijaa uani. Tusimsingizie, hakuwa mtu mchafu. Alifagia kila jioni. Lakini alichokifagia kilihitaji pa kwenda.

Mtaa nao ulikuwa na tatizo lake: tope. Nyumba zilijipanga safu mbili, moja juu ya mteremko na moja chini, na katikati ilipita njia moja tu. Mvua ikinyesha, njia iligeuka uji. Watu walikwenda kazini viatu mkononi. Siku moja fundi akapata wazo. Aliyaponda maganda kwa nyundo, akayachanganya na majivu, akayamwaga kwenye shimo lililokuwa mbele ya mlango wake, akashindilia. Mvua ikaja, shimo likabaki kavu. Jirani akaona, akaomba karai moja. Jirani wa pili akaomba makarai mawili.

Fundi hakumtoza mtu. Mkewe mwenyewe aliyabeba makarai kichwani, nyumba hadi nyumba, safu ya juu na safu ya chini, uso umemchanua. Alijua mumewe amesemwa sana kwa moshi wa jiko lake, na sasa walewale waliomsema walikuwa wakimshukuru. Haikupita muda njia yote ikawa nyeusi, ngumu na kavu. Watoto wakaifanya uwanja wa kuchezea. Kinyozi akampa fundi jina, Bwana Lami, na jina likamganda.

Mama yake fundi alipokuja kuwatembelea, aliuliza kwa nini uani hapaoti hata magugu. Fundi akajibu kwamba ni afadhali, nyoka hatapata pa kujificha. Kuhusu yale maji makali, alisema ardhi ni tumbo kubwa, humeza kila kitu. Mama yake akasema tumbo pia hutapika. Wakacheka, wakamwongeza chai.

Kisha Kasuku akaanza kulalamika tumbo. Akakataa chakula. Akawa mkali, analia ovyo, usiku halali. Uso ulipauka. Mama yake alimnunulia dawa ya minyoo, haikusaidia kitu. Halafu likaja jambo ambalo mama alilikataa kwanza kwa macho, kisha kwa mdomo. Maneno ya mtoto yalikuwa yakipungua. Alitaka kikombe, akakionyesha kwa kidole. Alimwita baba yake, akaishia katikati. Kinyozi alipopita alimtania kama kawaida, akangoja ajibiwe. Hakujibiwa. Polepole watu wakaacha kumwita Kasuku, na hakuna aliyesema kwa nini.

Hakuwa peke yake. Huko safu ya chini mtoto wa mama mmoja muuza mkaa alikuwa akianguka na kukakamaa. Wengine walikuwa na matumbo yanayosokota. Watu wa safu ya juu wakakaa wakajadili. Safu ya chini walikuwa wageni. Walikuja baadaye, kutoka mbali, na lafudhi yao ilichekwa dukani. Basi ikawa rahisi. Maradhi yametoka kwao, na vyoo vyao, na watoto wao. Bomba la maji la mtaa lilikuwa upande wa juu. Likafungwa kwa kufuli, ufunguo akapewa kinyozi. Wa chini wakaambiwa watafute maji ng'ambo ya barabara kuu.

Mke wa fundi alikubaliana nao kwa moyo wote. Alikuwa na hofu, na hofu ikikosa pa kukaa hukaa juu ya jirani. Siku moja muuza mkaa alikuja bombani na ndoo, mwanawe mgonjwa mgongoni, akaomba afunguliwe mara moja tu. Mke wa fundi alisimama mbele ya bomba.

"Mmekuja na maradhi yenu," alimwambia. "Rudini nayo mlikotoka."

Muuza mkaa aliinua ndoo yake tupu akaondoka. Siku chache baadaye yule mtoto alifariki. Walimzika wakidhani ni degedege. Kutoka safu ya juu hakuna aliyekwenda mazishini.

Matanga hayajaisha, Kasuku naye akaanguka njiani alikokuwa akicheza. Macho yalipinduka, mwili ukatetemeka. Kinyozi akamkimbiza hospitali kwa baiskeli yake, mama akikimbia nyuma, kiatu kimoja kimebaki mtaani. Malaria ilipimwa, haikuwapo. Daktari akauliza baba wa mtoto anafanya kazi gani. Mama akasema. Daktari akaagiza damu ya mtoto ipelekwe kwenye maabara kubwa.

Majibu yaliletwa na bibi afya wa halmashauri. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabuti ya mpira yaliyompita ukubwa. Hakuingia ndani kwanza. Alichuchumaa njiani, akaokota kipande cheusi, akakigeuzageuza kwa mkono wenye glavu.

"Hivi vimetoka wapi?" aliuliza.

"Ni mume wangu aliyeitengeneza njia yote hii," mke wa fundi alisema. "Bure kabisa. Na mimi ndiye niliyebeba."

Alisema kwa fahari. Hadi leo akikumbuka fahari ile hutamani kuutafuna ulimi wake.

Bibi afya akawaomba wakae, mume na mke, kwenye benchi la wateja. Akawaeleza bila kupandisha sauti. Damu ya mtoto ina madini ya risasi, yaleyale yanayotoka kwenye betri. Ni sumu. Haina harufu, haina ladha. Imo kwenye vumbi la maganda, imo kwenye majivu, imo kwenye moshi wa sufuria. Mtoto hucheza chini, kisha hutia vidole mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo huifyonza sumu hiyo kuliko wa mtu mzima, na inapofika kwenye ubongo, huharibu.

"Nguo za kazi huzifulia wapi?" alimwuliza mke.

"Kwenye beseni."

"Na za mtoto?"

Beseni lilikuwa moja.

Fundi alikuwa akitikisa kichwa muda wote. Akasema yeye ameshika risasi tangu ujana wake na yu mzima. Bibi afya akamwuliza kama tumbo halimsokoti. Akamwuliza kuhusu kichwa. Akamwomba anyooshe mikono. Fundi aliinyoosha, na wote watatu wakaiona inavyotetemeka. Akairudisha haraka mapajani.

"Lakini nilimwaga chini tu," alisema. "Ardhini. Si tunatupa kila kitu ardhini?"

"Ndiyo, tunatupa," bibi afya alisema. "Ganda la ndizi huoza, likawa udongo. Risasi haiozi, baba. Utaiacha hapo, mjukuu wako ataikuta hapo. Ardhi haikula kitu chako. Imekutunzia. Tunaikanyaga kama jalala, na ndiyo inayotulisha sote."

Mke wa fundi aliuliza swali moja tu, kama atapona. Bibi afya alimtazama usoni.

"Sitakudanganya, mama. Hospitali watampa dawa ya kuitoa sumu. Lakini dawa haina maana akirudi kuchezea hii njia. Tukiiondoa sumu, damu yake itasafika kidogo kidogo. Ubongo siwezi kukuahidi. Kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi."

Watoto wa mtaa mzima wakapimwa, wa juu na wa chini. Wachache sana walikuwa salama. Ndipo watu wakajua yule mtoto wa muuza mkaa alikufa kwa nini. Na ndipo Bwana Lami akawa mchawi, muuaji na mlaanifu kwa siku moja. Aliyepaza sauti zaidi ni kinyozi, yuleyule aliyempa jina. Watu walilala wanamsifu, wakaamka wanamtaka ahame. Ni vigumu kumchukia aliyekupa zawadi, lakini ukishaanza, hujui pa kuishia.

Bibi afya aliwakusanya wote mbele ya kibanda cha kinyozi. Aliwaeleza la kufanya tangu siku hiyohiyo. Wasifagie kavu, maana vumbi linaruka. Wapige deki kwa kitambaa chenye maji. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, wasicheze njiani. Viatu vibaki nje. Wawape watoto mboga za majani, maharage, maziwa, mayai, kila anayeweza, kwa sababu mtoto mwenye njaa huifyonza sumu zaidi. Wasidanganyike kuchemsha maji au kuchoma udongo. Risasi haifi kwa moto.

Kisha akafika kwenye udongo wenyewe. Halmashauri italeta lori, glavu, barakoa na udongo safi. Lori litauchukua udongo mbaya hadi mahali maalumu, mbali na watu. Lakini mikono ya kuuchimba ni yao, na lazima wachimbe pamoja, nyumba zote.

Mzee mmoja wa safu ya juu akasema kila safu ijisafishie. Wa chini wakasema aliyemwaga ndiye azoe. Walirushiana maneno mpaka koo zikawakauka.

"Mvua ikinyesha," bibi afya aliuliza, "maji ya juu huenda wapi?"

Chini, walisema.

"Na upepo ukivuma, vumbi la chini huenda wapi?"

Hapo kila mtu akaenda kwake.

Siku ya kazi lori lilikuja mapema. Fundi alishatoka, amevaa barakoa na mabuti, koleo mkononi. Mkewe alikuwa pembeni yake. Mtoto, aliyekwisha kutoka hospitali, walimwacha kwa nyanya yake, mji wa mbali. Hawakuona mtu mwingine. Milango ilikuwa wazi kiasi cha jicho tu. Fundi akaanza kuchimba mbele ya mlango wake, na alionekana mdogo sana kwenye njia ile ndefu.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa muuza mkaa. Alipanda mteremko polepole na koleo lake la mkaa, kitambaa cheusi cha msiba bado kichwani. Mke wa fundi alimwona, akamwendea. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha. Aliyoyapata ni machache.

"Dada, lile neno nililokutamkia pale bombani..."

"Nalikumbuka," muuza mkaa alisema. "Usiniombe msamaha leo. Sina wa kukupa."

Alifunga barakoa yake kisogoni.

"Sikuja kwa ajili yako wala mumeo. Nina mtoto mwingine, ananyonya. Udongo ni huu mmoja, hana mwingine wa kutambalia."

Akachoma koleo chini. Vumbi likaruka, na bibi afya akapiga kelele kwamba udongo ulowanishwe kwanza. Maji yako wapi, akauliza. Muuza mkaa alinyoosha kidole kwenye bomba, na kufuli lake. Mke wa fundi alikwenda mwenyewe mpaka kwa kinyozi, akagonga, akaomba ufunguo. Kinyozi alimtazama yeye, akamtazama yule mama wa kitambaa cheusi aliyesimama katikati ya njia akingoja maji. Hakumpa ufunguo. Alitoka nao mwenyewe, akafungua bomba, akajaza ndoo ya kwanza akampelekea muuza mkaa kwa mikono miwili. Baada ya hapo aliona haya kurudi ndani. Akaomba barakoa.

Mlango ukafuatwa na mlango. Walikuja wakinung'unika, wengine bila kusalimiana. Msifikiri palikuwa na nyimbo. Mtu wa juu alishika upande mmoja wa machela ya udongo, mtu wa chini upande wa pili, kwa sababu machela haibebwi na mmoja. Mpaka jua linazama lori lilikuwa limejaa na kurudi tena na tena. Siku zilizofuata hivyohivyo, hadi ule weusi wote, wa njiani na wa uani kwa fundi, ukaisha. Wakamwaga udongo mwekundu, wakashindilia, pembeni wakapanda nyasi.

Fundi hapasui tena betri. Huzipokea zikiwa nzima, huziweka kwenye kasha lisilovuja, na gari la kiwanda chenye kibali huja kuzichukua. Kipato kimepungua. Huoga na kubadili nguo kabla hajaingia nyumbani. Kufuli la bomba halijulikani liliko. Kila baada ya muda bibi afya huwapima watoto, na kila mara sumu imeshuka. Yule mtoto wa muuza mkaa aliyekuwa akinyonya sasa anakimbia, mashavu kama maandazi. Uani kwa fundi yameota magugu, na mkewe hayang'oi.

Muuza mkaa na mke wa fundi hawakuwa marafiki. Walisalimiana bombani, wakasaidiana kujitwisha ndoo, basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini siku moja, miaka miwili baada ya njia kusafishwa, mteja wa nguo alileta habari kwamba mtaa wa ng'ambo ya barabara nao umepata fundi mwenye roho nzuri. Amejaza mashimo yao kwa maganda meusi, bure.

Mke wa fundi aliweka mkasi chini. Alimpigia simu bibi afya, akaambiwa atafika kesho. Hakuweza kungoja kesho. Alimshika mwanawe mkono. Mumewe akamwomba amwache nyumbani, watu watamkodolea macho. Mke akasema waache wakodoe. Akapita kwa muuza mkaa, akamwambia anakokwenda. Muuza mkaa akafunika magunia yake, akatoka.

Mtaa huo walimkuta mama kijana akiosha vyombo mlangoni. Mwanawe alikuwa amekaa katikati ya njia nyeusi, akipanga vipande kama nyumba. Mama kijana aliwakaribisha, akaisifia njia yao mpya. Walimweleza. Alisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mchuuzi, kwa adabu, akingoja wamalize. Akasema mbona watoto wao ni wazima. Kisha akamtazama yule msichana mkubwa aliyejibanza kwenye gauni la mama yake.

"Na wako, si alipona?"

Mke wa fundi alitaka sana kusema ndiyo.

"Damu yake imepona," alisema. "Yeye hajapona." Akainama. "Msalimie mama, mwanangu."

Msichana akafungua mdomo. Walingoja. Midomo ilitafuta, ikakaribia, ikapotea njia. Mwishowe alitabasamu, akaficha uso. Alikuwa na miaka saba.

"Mimi wangu sikuja naye," muuza mkaa alisema. "Yuko makaburini."

Mama kijana aliacha sufuria ikiwa na povu. Aliingia njiani miguu mitupu, akambeba mwanawe, akaanza kumfuta vidole kimoja kimoja kwa upindo wa gauni. Akauliza aanze wapi.

"Maji na sabuni," mke wa fundi alimwambia. "Halafu twende kwa jirani yako wa hapa."

"Huyo hatusemeshani. Tangu mwaka juzi."

"Leo mtasemeshana," alisema muuza mkaa, na akatangulia kwenda kubisha hodi.